Zamu ya Simu Yako: Jinsi Mnara Unavyogawa Mawimbi

Jumapili soko la Kibuye mjini Kisumu hufurika watu. Simu inaonyesha vijiti vyote vya mtandao, bando lipo, lakini picha ya kumtumia mteja inazunguka tu. Wengi huamini bando limeliwa. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba simu inangoja zamu.

Vijiti vile hupima nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu. Havisemi lolote kuhusu wingi wa watu mnaoyatumia kwa pamoja. Ugawaji wa mawimbi ni kazi ya mnara kuamua simu ipi itumie sehemu gani ya masafa, na wakati gani. Kwa kawaida programu inayoamua hivyo imo ndani ya mitambo ya mnara huohuo, kwa sababu uamuzi wenyewe haungojeki: katika 4G hufanywa kila milisekunde, yaani mara 1,000 kwa sekunde.

Masafa nayo hukatwa vipande vya kilohezi 180. Mnara unaotumia upana wa megahezi 10 una vipande 50 vya kugawa kila milisekunde. Wenye megahezi 20 una 100. Ni kama shamba linalokatwa ploti, kila mtu akaonyeshwa yake, kisha kufumba na kufumbua mipaka yote inafutwa na upimaji unaanza upya. Kwa hiyo hakuna simu inayomiliki kipande chochote. Hata ukiwa unatazama video bila kukwama, umepewa na kunyang'anywa mara nyingi mno ndani ya sekunde moja.

Lakini vipande hivyo havibebi mzigo sawa kwa kila mtu. Kila simu huupelekea mnara taarifa ya hali ya mawimbi yake, namba kati ya 0 na 15. Kwa jedwali la kawaida la 4G, simu yenye 15 hupokea karibu biti 5.5 (biti ni chembe ndogo kabisa ya data) kwa kila alama, yaani pigo moja la mawimbi, inayorushwa hewani. Yenye 1 hupokea biti 0.15 tu, kwa sababu mnara unalazimika kusema taratibu na kurudia sana ili usikike. Tofauti hiyo ni takriban mara 36. Picha ileile ikitumwa kwa mtu aliye mbali, au aliyejifungia ndani ya kibanda cha mabati, inaweza kula hewa, yaani vipande vya mnara, mara 36 ya ile inayokwenda kwa aliyesimama palipo wazi karibu na mnara.

Sasa mnara umpe nani? Ukiwapendelea wenye mawimbi mazuri, jumla ya data inayopita itakuwa kubwa kuliko kwa njia nyingine yoyote, na walio pembezoni watakaa bila kitu. Ukizungusha zamu bila kuangalia hali ya mtu, hakuna atakayesahaulika, ila utawapa watu vipande wakati mawimbi yao yamefifia na hewa itapotea bure.

Njia inayojulikana sana ni ya katikati, haki kwa uwiano. Mnara hugawanya kasi ambayo simu ingeipata sasa hivi kwa wastani wa kasi iliyokwisha kuipata, na mwenye jibu kubwa ndiye anayepewa. Tuseme mtu wa Kibuye angepata megabiti 20 kwa sekunde, na wastani wake ni 10: jibu ni 2. Mwingine, ukingoni mwa eneo la mnara huo, angepata 3 tu, na wastani wake ni 1: jibu ni 3. Zamu inakwenda kwa huyu wa pili, ingawa mawimbi yake ni hafifu. Anayesubiri wastani wake unashuka, jibu lake linapanda, mpaka anafikiwa. Na kwa kuwa mawimbi ya kila simu hupanda na kushuka kila wakati, kila mmoja huelekea kupewa zamu pale yake yanapokuwa juu. Napenda sana hesabu hii, maana mgawanyo mdogo namna hiyo unaokoa hewa na kumkumbuka mnyonge kwa pigo moja.

Hata hivyo tusiipe sifa isiyokuwa yake. Inachokaribia kusawazisha ni muda wa hewani, wala si megabaiti. Mkulima aliyejificha nyuma ya vilima vya Maragoli anaweza kupewa sehemu ya muda inayolingana na ya mtu wa mjini, na bado akapata sehemu ndogo tu ya data, huku bando wamenunua kwa bei moja. Kasoro hiyo hairekebishwi na programu ya mnara. Hurekebishwa kwa kujenga mnara mwingine karibu naye.

Tena si kila mzigo unasimama kwenye foleni moja. Simu za sauti zinazopita kwenye 4G hupewa daraja lenye kikomo cha kuchelewa cha milisekunde 100. Data ya kawaida huwekewa 300. Ndiyo maana mazungumzo yanaweza kuendelea vizuri wakati video imeganda. Kanuni za kimataifa za 4G zimeeleza madaraja hayo, lakini fomula yenyewe ya kugawa vipande zimewaachia watengenezaji wa mitambo, na kila mmoja ana yake.

Kutuma kuna hatua ya ziada. Simu yenye picha ya kutuma huomba nafasi kwanza, inaeleza mzigo uliopo, halafu inangoja ruhusa. Uwanja wa Bukhungu ukijaa siku ya mechi Kakamega, kila mtu akitaka kurusha video ya bao, foleni ya maombi pekee inatosha kuchelewesha.

Ukikwama hivyo, toka chini ya mabati: namba yako ya hali ya mawimbi ikipanda, kipande kilekile kitabeba biti nyingi zaidi, na walio kwenye foleni nawe watafaidi pia. Kuhamia upande mwingine wa soko nako husaidia wakati mwingine, kwa sababu minara mingi imegawa eneo lake pande tatu, kila upande na vipande vyake.