Albamu ya ndizi haikudoda kama tunavyosimuliwa

Wapenzi wa muziki wamesimuliana kwa miaka mingi kwamba albamu ya kwanza ya The Velvet Underground, bendi ya roki ya New York, ile ya 1967 yenye jalada la ndizi ya msanii Andy Warhol, ilinunuliwa na watu wa kuhesabika, ila kila aliyeinunua akaanzisha bendi. Chanzo ni mwanamuziki Mwingereza Brian Eno. Mwaka 1982 alisema Lou Reed, mwimbaji wa bendi hiyo, alimwambia ziliuzwa nakala 30,000 katika miaka 5 ya mwanzo. Kadiri hadithi ilivyosambaa, idadi ikazidi kupungua.

Hesabu za mrabaha za kampuni ya rekodi ya MGM zinasema vingine: hadi Februari 1969 zilikuwa zimeuzwa nakala 58,476. Si haba hata kidogo kwa bendi iliyoimba waziwazi kuhusu heroini.

Ganda la ndizi lile lilibanduka kama stika, na chini yake kulikuwa na ndizi ya waridi. Lakini kilichoiumiza albamu, naamini, ni jalada la nyuma. Eric Emerson, mwigizaji wa filamu za Warhol ambaye picha yake ilitumika pale bila ruhusa, alidai alipwe. Kampuni ikaona heri iondoe nakala madukani na kuifuta sura yake. Albamu ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kwenye chati ya albamu ya jarida la Billboard la Marekani. Ikatoweka, ikarudi mwishoni mwa mwaka, na haikuvuka nafasi ya 171.