Kukosa intaneti si kinga ya mashine ya kura

Hoja hii imezoeleka: mashine ya kupigia kura haijaunganishwa na intaneti, kwa hiyo haichezewi. Sivyo. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliichukua mashine ya Diebold AccuVote-TS, wakafungua kufuli la kijimlango chake, wakachomeka kadi ya kumbukumbu yenye programu yao. Kazi nzima haikufika dakika moja. Programu ile ilihamisha kura kimyakimya, na iliweza kuambukiza mashine nyingine kupitia kadi za aina hiyohiyo. Intaneti haikuhusika kabisa.

Hapo wengi hukimbilia upande wa pili na kusema matokeo yote ya mashine ni ya kupikwa. Mlango kufunguka si ushahidi kwamba mwizi ameingia. Ushahidi hutafutwa kwenye karatasi za kura: mwaka 2020, katika jimbo la Georgia, Marekani, kura za urais zipatazo milioni 5 zilihesabiwa upya kwa mkono, na mshindi akabaki yuleyule. Ujerumani, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2009 kwamba mwananchi wa kawaida lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi bila utaalamu wowote.