Luxembourg Haimaliziki kwa Siku Moja

Wiki hii nimeletewa tena ratiba ile ile: kufika Luxembourg asubuhi kwa treni kutoka Brussels, kuuzunguka mji mkuu kabla ya saa sita, kula chakula cha mchana Vianden, kupita Echternach alasiri na kurudi kulala Brussels usiku huo huo. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaozungumza Kiswahili katika nchi hizi, wengi wao wakiwa ndugu zetu waishio Ubelgiji na Ujerumani waliotembelewa na wazee wao kutoka nyumbani, na sababu ninayopewa haibadiliki: nchi yenyewe ni ndogo, kwa hiyo siku moja inatosha. Nimeijibu kauli hiyo kwenye simu mara nyingi mno, na sasa naona afadhali niiandikie jibu kamili.

Luxembourg ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,586, yaani ni kubwa kuliko Unguja, na hakuna mtu wa pwani atakayekubali kuambiwa kwamba aliyekula Forodhani mchana akapanda boti ya jioni ameimaliza Unguja. Hata hivyo, ukubwa si hoja yangu kuu. Linalowashinda watu ni sura ya ardhi. Sehemu ya kaskazini, iitwayo Oesling, ni nyanda za juu za mawe magumu ya tabaka, nayo mito ya Sauer, Our na Clerve imezichonga kwa muda mrefu mno ikaacha mabonde marefu, membamba na yenye kujipinda. Mabwana wa zama za kati walizijenga ngome zao juu ya migongo ya miamba inayoyatazama mabonde hayo kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba palikuwa pagumu kufikika, na ugumu huo haujaondoka kwa kuwa leo kuna lami. Ngome mbili ambazo kwenye ramani zinaonekana kama majirani hutenganishwa na barabara inayoteremka hadi mtoni, ikavuka, kisha ikapanda tena kwa kona baada ya kona.

Reli ya kaskazini hufuata mabonde, ikipitia Ettelbruck hadi Clervaux na kuendelea mbele, lakini Vianden, mji wenye ngome maarufu, hauna reli. Mgeni hupanda treni kutoka mji mkuu kwa muda wa kama nusu saa hadi Ettelbruck, husubiri basi, husafiri kwa basi kwa muda unaokaribia huo huo, kisha hupanda mlima kwa miguu kuelekea lango la ngome. Wazee wanaosumbuliwa na magoti wanahitaji kupumzika njiani, na hawapaswi kuharakishwa kwa sababu ya ratiba iliyopangwa na mtu mwenye miaka ishirini na mitano. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2020 mabasi, tramu na treni za daraja la pili ni bure nchi nzima, kwa wenyeji na kwa wageni, na nawashukuru kwa dhati waliolifanya jambo hilo. Lakini usafiri wa bure haufupishi safari, na ubure wenyewe unaishia mpakani, kwa hiyo anayetoka Brussels au Trier bado anapaswa kukata tiketi ya kumfikisha huko.

Watetezi wa siku moja wana hoja ya pili, na hiyo ndiyo inayonikera zaidi. Husema kwamba ngome ya Vianden imejengwa upya, kwamba si ya kale kweli, na kwa hiyo picha chache za nje zinatosha. Ngome ile ilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 14 juu ya misingi ya boma la Kirumi. Mwaka 1820 William wa Kwanza, Mfalme wa Uholanzi ambaye pia alikuwa mtawala wa Luxembourg, aliiuza kwa mfanyabiashara wa mjini hapo, naye akaibomoa ili auze vifaa vyake: paa likaondoka, mbao zikaondoka, na mvua ikafanya iliyobaki. Mfalme aliyanunua tena magofu hayo mwaka 1827, lakini mwandishi Mfaransa Victor Hugo alipokaa Vianden mwaka 1871 aliyakuta yangali magofu, akayachora. Mwaka 1977 familia ya mtawala iliikabidhi ngome kwa serikali, na kufikia mwaka 1990 kuta zilikuwa zimeinuliwa na mapaa yamerudishwa.

Kwa hiyo paa linaloonekana kwenye kila kadi ya posta lina umri mdogo kuliko wasomaji wangu wengi. Je, hilo linaifanya ngome kuwa ya bandia? Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao mafundi wa urejeshaji huurejelea daima, unasema kwamba kazi ya kurejesha lazima ikome pale kubahatisha kunapoanza. Ni kanuni nzuri vitabuni, lakini ukisimama ndani ya jengo unaona jinsi mpaka huo usivyo na mstari. Katika baraza wanayoiita ya Kibizanti, madirisha yenye umbo la majani matatu yanafuatana ukutani, na nyuma yake bonde la Our linafunguka lote. Ustadi wa wajenzi wa zama za kati uko pale, unaonekana na kuguswa, na usingekuwa na kinga ya mvua bila paa jipya. Papo hapo, nikiingia kwenye vyumba vilivyopangwa fanicha na mazulia ya ukutani, hupata mashaka, kwa sababu mgeni hutoka akiamini kwamba ameona chumba kama kilivyoachwa na wenyewe. Mimi huwaambia wageni ukweli huo kabla hatujaingia, na bado sina uhakika kama nafanya vyema kuwapunguzia furaha.

Dawa ya mashaka hayo ni Bourscheid. Ngome hiyo iko juu sana ya mto Sauer, na magofu yake yalitunzwa bila kuvalishwa mapaa yote upya: minara iliyokatika, kuta zisizo na dari, majani kati ya mawe. Aliyeziona zote mbili anaweza kuamua mwenyewe ni njia ipi ya kutunza kumbukumbu anayoiamini, na hakuna namna ya kuziona zote mbili kwa utulivu kwa siku moja ya mabasi.

Eneo la Mullerthal nalo, mashariki, linataka siku yake. Huko mawe ni ya mchanga, na miamba imepasuka ikaacha vichochoro vyembamba ambamo mtu mnene hupita kwa ubavu, kuta zimejaa kuvu na maji yanadondoka hata mwezi wa Agosti. Njia yake maarufu ya kutembea kwa miguu ina urefu wa kilomita 112. Chukueni kipande kimoja, halafu mlale Echternach, mji uliokua kando ya abasia aliyoianzisha Mtakatifu Willibrord mwaka 698.

Na mwenye siku moja tu, abaki mji mkuu. Mwamba wa Bock, ambao Siegfried, mwanzilishi wa mji, aliupata mwaka 963, ulibeba ngome ambayo Wahispania walianza kuichimbia njia za chini ya ardhi mwaka 1644, kisha mhandisi wa kijeshi Vauban akaiimarisha kwa niaba ya Wafaransa, hadi Mkataba wa London wa 1867 ulipoamuru ibomolewe. Njia hizo hazikuweza kulipuliwa zote bila kuuangusha mji uliokuwa juu yake, ndiyo maana kilomita 17 zimebaki. Teremkeni hadi mtaa wa Grund kando ya mto Alzette, tembeeni hadi mtaa wa Pfaffenthal, mpande juu kwa lifti ya kioo ambayo nayo ni bure, na mtakuwa mmeitumia siku nzima bila kukimbizana na basi.