Lebo ya wiski: maneno yapi ni sheria, yapi ni mapambo

Wiski ni kileo cha nafaka kilichokenekwa, kisha kikalazwa kwenye pipa la mbao. Kukeneka anakujua yeyote aliyewahi kuona gongo au chang'aa ikipikwa: pombe inachemshwa, mvuke unapitishwa kwenye bomba na kupozwa, na kinachodondoka upande wa pili ni kikali na cheupe kama maji. Wiski nayo hutoka mtamboni ikiwa nyeupe vilevile. Harufu ya vanila, utamu wa zabibu kavu, rangi ya dhahabu, hivyo huja baadaye, na pipa ndilo linalovileta. Ndiyo maana sheria za nchi zinazotengeneza wiski zinalibana pipa kuliko kitu kingine.

Mnunuzi hupotelea kwenye lebo. Kuna maneno ambayo kiwanda kikiyaandika kwa uongo kinashtakiwa, na kuna yaliyowekwa ili chupa ipendeze. Ukiyatenganisha, utaijua kwa kiasi kikubwa ladha iliyomo kabla hujafungua kizibo, na utajua shilingi zako ngapi zinanunua kinywaji na ngapi zinanunua boksi.

"Single malt" ni nini hasa

Hili ndilo neno linalopandisha bei kuliko mengi. "Malt" ni kimea: nafaka iliyoloweshwa ikachipua, kisha ikakaushwa, kama kimea cha ulezi kinachotiwa kwenye togwa au busaa. Kwa single malt ya Uskoti nafaka hiyo lazima iwe shayiri. "Single" nayo wengi huidhania pipa moja. Sivyo. Ni kiwanda kimoja. Chupa ya Glenfiddich 12 imetoka kwenye mapipa mengi yaliyochanganywa, ila yote ni ya Glenfiddich.

Kanuni za Wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zinatambua aina tano. Inayojaza rafu nyingi ni "Blended Scotch": wiski ya kimea iliyochanganywa na wiski ya nafaka nyingine, kwa kawaida ngano au mahindi, iliyokenekwa kwenye mtambo wa mnara. Mtambo huo Aeneas Coffey wa Ayalandi aliupatia hataza mwaka 1830. Chungu cha shaba, kinachokeneka wiski ya kimea, hupakuliwa na kujazwa upya kila mara. Mnara huenda mfululizo, na hutoa spiriti nyepesi kwa gharama ndogo. Johnnie Walker Red na Black, Famous Grouse na Chivas Regal zote ni za kundi hili. "Blended" si tusi. Mchanganyaji hodari huweza kukupa chupa iliyotulia kuliko single malt changa inayouzwa kwa jina tu.

"Blended Malt" ni kitu kingine, na neno moja tu ndilo linaloitofautisha. Humo hamna nafaka nyingine, ni kimea kitupu cha viwanda viwili au zaidi. Monkey Shoulder ni mfano, na Johnnie Walker Green Label. Kwa mwenye bajeti ya kati hapa ndipo hela inapofika mbali: unapata uzito wa kimea bila kulipia sifa ya kiwanda kimoja. Na ukiona "Single Grain", usiichukue ukidhani umepata single malt kwa bei ya kutupa. Ni wiski nyepesi ya nafaka, tamu kwa namna yake, lakini si kimea.

Namba kwenye chupa

Namba 12 inataja umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Kiwanda kikichanganya mapipa 99 ya miaka 20 na pipa moja la miaka 12, sheria inawalazimisha waandike 12 au wasiandike umri kabisa. Chupa ya Uskoti isiyo na namba ina angalau miaka 3, maana chini ya hapo haiitwi wiski. Miaka hiyo ni ya pipani tu. Chupa uliyonunua mwaka 2010 ukaiweka kabatini bado ni ya miaka 12.

Bei hupanda na umri kwa sababu za kimahesabu. Huko Uskoti pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya ujazo kila mwaka kwa kuvukiza. Wenyewe huliita fungu la malaika. Pipa la lita 200 likilala miaka 12 linabaki na kama lita 157. Likilala 25 linabaki na kama 120, na muda wote huo fedha ya mwenye kiwanda imefungwa ghalani. Unalipia upungufu na subira. Ladha haipandi kwa kasi hiyo. Wiski iliyokaa mno kwenye mbao mpya au mbao kali huanza kuwa na ukakasi, kama chai iliyosahauliwa na majani ndani ya birika. Kwa anayeanza, kati ya miaka 10 na 16 panatosha kabisa.

Pipa na moshi: hapa ndipo ladha ilipo

Ukitaka kujua wiski itakuwa na ladha gani, tafuta pipa lilibeba nini kabla yake. Sheria ya Marekani inataka bourbon, wiski yao ya mahindi, ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Likishatumika mara moja pipa hilo halifai tena kwa bourbon, basi maelfu husafirishwa kwenda Uskoti. Huko hutoa wiski ya rangi nyepesi yenye vanila, nazi, asali na tunda bichi la tufaha: Glenlivet 12 iko upande huo. Mapipa ya sheri, ule mvinyo wa kusini mwa Hispania, hutoa zabibu kavu, tini, karafuu na chokoleti. GlenDronach 12 ni darasa zuri la ladha hiyo. Mapipa ya sheri ni ghali zaidi, na chupa hufuata.

Moshi ni habari nyingine. Hautoki kwenye pipa, unatoka kwenye peti, udongo mweusi wa kinamasi uliojaa mimea iliyooza nusu. Hukatwa kama matofali, hukaushwa, kisha huchomwa chini ya kimea kibichi, na moshi wake hunasa kwenye punje. Matokeo yake yana harufu ya jiko la kuni, samaki wa kukaushwa, au dawa ya kusafishia vidonda. Kuna watu hawataki kingine, na kuna watu hawarudii. Usianze na Laphroaig 10 au Ardbeg 10, utajuta. Anza na Johnnie Walker Black, ambayo ina moshi wa mbali. Ukipendezwa, nenda Talisker 10, halafu ndipo uvuke kwenda Islay, kisiwa ambacho jina lake hutamkwa "Aila". Wala usidhani kila cha Islay kina moshi: Bunnahabhain 12 ni ya huko huko na imetengenezwa kwa kimea kisicho na peti. Jina la mkoa hukudokeza tu, halikuhakikishii.

Anayependa vitu vitamu na hataki moshi hata kidogo, aelekee Marekani. Bourbon lazima iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na mahindi hayo pamoja na pipa jipya huipa utamu wa karameli. Maker's Mark hutumia ngano badala ya nafaka iitwayo rai (rye), kwa hiyo haina pilipili nyingi. Anayetaka kinachoteremka bila vurugu ajaribu ya Ayalandi. Jameson hukenekwa mara tatu, ndiyo maana ni laini.

Rangi isikudanganye. Uskoti wanaruhusiwa kutia karameli ya rangi, E150a, ili chupa zote zifanane, kwa hiyo weusi si ushahidi wa umri. Chupa iliyopita soko la Ujerumani husema ukweli: tafuta maneno "mit Farbstoff", yaani imetiwa rangi. Kwa bourbon hilo haliruhusiwi.

Na mapambo? "Rare", "Reserve", "Select", "Small Batch": hakuna kipimo cha kisheria nyuma yake. "Straight" kwenye bourbon kina uzito, angalau miaka 2 pipani. "Bottled in Bond" kina uzito zaidi, maana ni sheria ya Marekani ya mwaka 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka isiyopungua 4, na nguvu ya asilimia 50 kamili.

Asilimia ni pesa

Watu hupita hapa mbiombio, na ndipo penye hesabu ya bajeti. Kima cha chini cha Uskoti ni asilimia 40. Chini ya 46 hivi, wiski ikipoa hupata ukungu, basi viwanda vingi huipoza na kuichuja ili ibaki angavu. Uchujaji huo huondoa pia mafuta yanayoipa uzito mdomoni. Ukiona 46 kwenda juu, aghalabu haikuchujwa hivyo.

Sasa piga hesabu. Chupa ya ml 700 yenye asilimia 46 ukiipunguza kwa maji hadi 40 inakuwa kama ml 805, yaani umepata toti nne za ziada. Ile ya nguvu ya pipa ("cask strength", yaani haikupunguzwa kwa maji), tuseme asilimia 58, inafika karibu lita moja na kidogo. Kwa hiyo chupa inayoonekana ghali kwa asilimia 20 inaweza kuwa rahisi kuliko jirani yake rafuni. Linganisha pia ujazo: ml 700 ni toti 28 za ml 25, ml 750 (ule Wanairobi huuita mzinga) ni toti 30, na chupa ya lita ya uwanja wa ndege ni 40. Gawa bei kwa toti kabla ya kusema ni nafuu. Na kabla ya kununua chupa nzima ya kitu usichokijua, nunua toti moja baa. Ni ghali kwa mililita, lakini ni rahisi kuliko chupa itakayokaa kabatini miaka mitatu ikisubiri wageni.

Kuimimina na kuionja

Chukua glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Glencairn ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hii, lakini glasi ndogo ya mvinyo inafaa. Ile pana ya barafu hutawanya harufu. Mimina ml 25, ambayo ni vijiko vitano vya chai. Mkono usio na kipimo humwaga mara mbili ya hiyo bila kujua. Iache dakika tano. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo, glasi ikiwa mbali na pua kwa upana wa vidole viwili. Ukiitumbukiza pua mzimamzima, kileo kitaizima na hutanusa kitu kwa dakika kadhaa.

Funda la kwanza lipuuze. Ni la kuuzoesha ulimi, na karibu kila mara litakuchoma. La pili, dogo, lizungushe mdomoni kwa sekunde kumi kabla ya kumeza. Baadaye ongeza maji yasiyo na harufu ya klorini. Kwa wiski ya 46, chini ya kijiko kimoja cha chai kinaishusha hadi 40. Ya 58 inataka vijiko viwili na kidogo. Maji si aibu. Wachanganyaji wenyewe hunusa sampuli zao zikiwa zimeshushwa hadi asilimia 20. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walionyesha kwa kielelezo cha kompyuta kwamba gwayakoli, kiungo kimojawapo cha harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji kileo kikiwa chini ya asilimia 45, ila kikifika 59 hujificha ndani. Ndiyo maana wiski kali huonekana imefunguka ikitiwa maji.

Barafu hufanya kinyume: inazima harufu na kutuliza mwako. Kwa jioni ya joto la Dar au Mombasa hakuna ubaya, ila usiitumie kwenye chupa uliyoilipia kwa ajili ya harufu. Kwa kuchanganya, jaza glasi barafu hadi juu, tia ml 50 za wiski ya bei ya kawaida na ml 150 za soda baridi. Barafu chache huyeyuka haraka na kukuachia maji matamu. Soda ya tangawizi inakubaliana vizuri na Jameson na bourbon. Kola hufunika kila kitu, hivyo nayo nunua iliyo rahisi.

Chupa isimame, isilazwe kama ya mvinyo. Kileo kikali hula kizibo, nacho hukatikia shingoni. Iweke mbali na jua. Ikibaki theluthi, hewa iliyomo huanza kuipoozesha: imalize ndani ya miezi michache au ihamishie kwenye chupa ndogo inayojaa.

Bandia

Hili ni letu Afrika Mashariki kuliko la Uskoti. Ya kwanza si bandia kisheria: chupa nzuri, bei ndogo, na kwa herufi ndogo imeandikwa kuwa ni spiriti yenye ladha ya wiski. Hiyo ni spiriti tupu iliyotiwa ladha na rangi. Ya pili ni bandia hasa, chupa ya jina kubwa iliyojazwa upya kwa pombe isiyojulikana. Hiyo ni hatari, maana huweza kuwa na methanoli, kileo cha sumu kinachopofusha na kuua. Kenya, skani stempu ya ushuru kwa programu ya KRA iitwayo Soma Label; Tanzania, tumia Hakiki Stempu ya TRA. Jina linalotokea lifanane na chupa uliyoishika. Kagua kizibo: pete ya chini isiwe imekatika, na lebo isiwe na gundi ya mara ya pili. Yako ikiisha, kwangua lebo kwa ufunguo kabla ya kuitupa, kwa sababu anayejaza bandia hahitaji kutengeneza chupa, anazinunua kwa waokota taka.