Poni wa vilimani: si mtoto wa farasi, wala si pambo

Nikitaja poni, wengi hunijibu, "Aa, yule mtoto wa farasi." Hapana. Poni ni farasi mzima wa mbegu fupi. Poni aina ya Fell, mwenyeji wa vilima vya kaskazini mwa Uingereza, kimo chake hakitakiwi kuzidi sentimita 142 hivi mabegani, hata awe na miaka ishirini.

Dhana: kwa udogo wake, alipewa kazi ndogo

Hapa ndipo anapoonewa zaidi. Katika karne ya 18, sufu ya mji wa Kendal na madini ya risasi ya machimbo ya milima ya Pennines zilisafiri migongoni mwa Fell na ndugu yake, poni aina ya Dales. Mmoja alibeba karibu kilo 100 za risasi, nusu upande huu na nusu upande ule, mzigo usije ukampindua. Walikwenda kwa misafara, wa mbele amevalishwa njuga, ili anayekuja kutoka ng'ambo azisikie mapema. Kwenye njia nyembamba za mlimani kupishana si jambo dogo.

Na ufupi wenyewe ulikuwa faida. Mgongo wa chini hupakika bila kumvunja mpakiaji kiuno. Miguu mifupi yenye kwato ngumu haitetereki kwenye mawe na matope. Pale Wasdale Head, kijiji cha huko kaskazini mwa Uingereza, bado lipo daraja jembamba la mawe lisilo na kingo, mizigo ya ubavuni ipite bila kukwaruzwa. Daraja lilijengwa kwa kumpima mnyama.

Dhana: wale wanaozurura vilimani hawana mwenyewe

Wanao. Ni mali ya wafugaji wenye haki ya kulisha kwenye malisho ya pamoja. Kundi lina sehemu yake ya kilima, na majike huwarithisha watoto mipaka hiyo bila uzio wowote. Kundi likiondolewa, ujuzi huo haununuliwi mnadani.

Dhana: treni zilipofika, kazi ikaisha

Misafara ya mizigo ilikwisha, ni kweli. Lakini huko Uskoti, msimu wa kuwinda, poni aina ya Highland bado huteremsha kulungu waliowindwa kutoka mahali ambapo gari lingezama matopeni. Ndiyo maana huniuma kuona poni wa asili akisifiwa kwa manyoya marefu ya miguuni tu, na hakuna anayemtazama mgongo wala kwato.