Gereza kusikiliza kwanza hakuifanyi podikasti kuwa uongo

Wiki hii nimeulizwa tena, na mtangazaji mwenzangu: "Hizi podikasti za magerezani si propaganda tupu? Si lazima wakubwa wa gereza wazipitishe kwanza?" Kazi yangu ni kuhariri sauti za watu waliofungwa na waliotoka. Swali hili linaniudhi kwa sababu linaelekeza shaka pasipostahili.

Chukua podikasti ya Ear Hustle, iliyoanza mwaka 2017 ndani ya gereza la San Quentin, California. Earlonne Woods na Antwan Williams walikuwa wafungwa pale. Nigel Poor, msanii na mhadhiri wa chuo kikuu, alikuwa akiingia kujitolea. Walifanya kazi bila intaneti. Kila kipindi kilisikilizwa kwanza na Luteni Sam Robinson, msemaji wa gereza, na mwishoni yeye mwenyewe alisikika akisema amekiidhinisha. Basi msikilizaji anajua kabisa nani kashika mkasi. Katika redio zetu za uraiani, nani hutuambia habari ipi imeondolewa ili mdhamini asikasirike?

Halafu sikiliza yaliyoidhinishwa kurushwa. Kipindi cha kwanza ni juu ya watu wawili kugawana selo moja. Vilifuata vingine kuhusu miaka ya kufungiwa peke yako, na kuhusu sheria zisizoandikwa za nani ale na nani kwa kufuata rangi ya ngozi. Hakuna gereza linalojipamba kwa mambo hayo. Mwaka 2020 walifika fainali ya tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kitengo cha habari za sauti.

Nilivyoona mimi, askari akisikiliza anatafuta mambo ya usalama: majina, milango, njia za kuingiza magendo. Hayo unaweza kuyakata na simulizi ikabaki nzima. Kinachoharibu simulizi ni kile ambacho mfungwa hakusema tangu mwanzo, kwa kuwa wenzake watakisikia jioni hiyohiyo, au kwa kuwa siku moja atakaa mbele ya bodi ya parole, inayoamua kama mfungwa aachiliwe kabla kifungo hakijaisha, na anajua majuto yake yatapimwa. Hilo halimo kwenye mkasi wa luteni yeyote. Mhariri asipolisikia katika pumzi ya msemaji, limempita.

Tukija kwenye kutoka gerezani, ndipo watu hulegeza shaka zao wakati walipaswa kuzikaza. Woods alikuwa na kifungo cha miaka 31 hadi maisha kwa jaribio la unyang'anyi, chini ya ile sheria ya makosa matatu ya California ya 1994, iliyompa kifungo kirefu mno mtu aliyetiwa hatiani mara ya tatu. Novemba 2018 Gavana Jerry Brown alimpunguzia adhabu, akatoka, akaendelea kutengeneza vipindi, safari hii pia kuhusu waliorudi uraiani. Jimbo humpa anayetoka dola 200. Kila mtayarishaji anataka kurekodi lango: mama analia, mtoto anakumbatiwa. Ni sauti rahisi kuipata, na haikwambii chochote kuhusu mwezi wa nne, pesa zimeisha na ndugu wameanza kuuliza utahama lini.

Huko nje hakuna luteni, na hapo ndipo msimulizi anapofunga mdomo. Mtu aliyenieleza kila kitu akiwa ndani, akishatoka anaomba niondoe jina la mtaa, kisha kazi anayofanya, kisha watoto. Mwenye nyumba hajui. Bosi hajui. Hapa Kenya mwajiri anaweza kukudai cheti cha polisi cha mwenendo mwema kabla hajakutazama usoni, na sauti yenye jina lako haifutiki mtandaoni. Udhibiti huu ni mkali kuliko wa gereza lolote nililowahi kushughulika nalo, lakini hakuna anayeniandikia kuulalamikia.

Lipo linaloninyima usingizi. Mtu ambaye kwa miaka hakuna aliyemuuliza maoni yake atakubali kurekodiwa kwa masharti yoyote. Je, hiyo ni ridhaa? Na aliyeumizwa na kosa lake, ambaye huenda akaisikia sauti ile ghafla ndani ya matatu, yeye aliombwa ruhusa na nani? Nimeyajadili haya na wenzangu mara nyingi, na kila jibu tulilolipata linamwacha nje ama msimulizi ama aliyeumizwa.

Kwa sasa naomba ruhusa mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena akishakaa nyumbani miezi kadhaa. Akikataa mara ya pili, kipindi hakirushwi, hata kama ndicho bora nilichonacho.