Seramu ya Vitamini C Haitakiwi Kukuchoma

"Inachoma kidogo, daktari, lakini si ndiyo dalili kwamba inafanya kazi?"

Wiki hii nimeulizwa swali hilo mara tatu. Wa tatu alikuwa binti aliyeingia na mashavu yote mawili yamejaa vijipele, ngozi imekazana na inang'aa kama nailoni, na pembeni mwa mdomo kumetanda weusi ambao yeye mwenyewe alisema haukuwapo. Kwa wiki tano alikuwa akipaka seramu ya vitamini C, kimiminika chepesi cha uso, ya asilimia 20 kila asubuhi. Anakunja uso, anasubiri moto upoe, kisha anaendelea na siku yake. Aliinunua ili kuondoa madoa mawili ya chunusi. Sasa ana madoa ambayo hatuwezi hata kuyahesabu.

Inanikera, na haijanikera kwa sababu yake yeye. Mtu mzima mwenye akili timamu aliambiwa avumilie maumivu usoni kwake kila siku, akaamini, kwa sababu kila alipouliza alijibiwa hivyohivyo: vumilia, inafanya kazi.

Kinachochoma si vitamini. Kinachochoma ni asidi.

Vitamini C ikishaingia ndani ya ngozi ina kazi tatu tunazoitafutia. Inasaidia vimeng'enya vinavyounganisha kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, inazima radikali huru, yaani chembe zinazoharibu seli, zinazozalishwa na mwanga wa jua, na inapunguza kasi ya tairosinezi, kile kimeng'enya kinachotengeneza melanini, rangi ya ngozi. Zote tatu hufanyika kimyakimya. Hakuna neva inayoamshwa kolajeni inapojengwa, wala hutasikia chochote melanini inapopungua. Ukisikia moto, unasikia miisho ya neva ikilalamika kwamba asidi imeifikia, na asidi huifikia upesi zaidi pale ambapo ngozi ya juu ina nyufa.

Kwa nini basi watengenezaji waweke asidi kali? Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Vitamini C ya asili, yaani asidi ya askobiki, inayeyuka kwenye maji, na tabaka la juu la ngozi halipendi kupitisha kitu chenye chaji ya umeme. pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inakuwa kali zaidi. Kwenye pH ya juu molekuli nyingi za askobiki zina chaji, kwa hiyo zinabaki juu ya ngozi mpaka unawe uso. Ukishusha pH chini ya 4.2 hivi, zaidi ya nusu yake zinapoteza chaji hiyo na njia inafunguka. Mwaka 2001 Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipima jambo hili kwenye ngozi ya nguruwe, wakaona askobiki inaingia vizuri pH ikiwa chini ya 3.5. Seramu kali nyingi unazoziona zinafuata namba hiyo.

Sasa linganisha na ngozi yako, ambayo pH yake inazunguka 5. Na pH haipandi kama vidato vya ngazi. Kila namba moja ni mara 10. Seramu ya pH 3 ina ukali wa asidi mara 100 ya ule ambao ngozi imeuzoea. Ngozi iliyo nzima, isiyo na nyufa, huweza kuisawazisha, ukasikia mchomo mdogo wa nusu dakika ukaisha. Ngozi nyeti haiwezi, au inaweza kwa gharama kubwa.

Gharama hiyo ni kubwa zaidi kwa ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, na hili ndilo ninalotamani kila muuza seramu alijue. Ngozi yenye melanini nyingi ikiumizwa hujibu kwa kumwaga rangi. Mwasho wa wiki tatu unaweza kuacha weusi wa miezi. Tena wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mtu anajiangalia kwenye kioo anaona hakuna tatizo, kumbe chini kunawaka. Jiguse shavu kwa nyuma ya kidole. Kama ni la moto kuliko paji la uso, hiyo ni habari tosha.

Mstari uko wapi kati ya mchomo wa kawaida na mwasho wa kuharibu? Hakuna kipimo cha maabara kinachouchora, na mimi hutumia kanuni niliyojitungia kazini: ukisikia zaidi ya dakika moja, au ukisikia zaidi leo kuliko jana, acha. Kuna wagonjwa ambao nimewaachisha mapema bila sababu kwa kanuni hiyo. Nakubali hasara hiyo kuliko ile nyingine.

Turudi kwenye asilimia, kwa sababu namba kubwa kwenye chupa ndiyo inayouza. Utafiti uleule wa 2001 ulionyesha kwamba juu ya asilimia 20 ufyonzaji hauongezeki, bali unashuka. Hiyo asilimia 25 unayoililia inakupa mwasho zaidi na vitamini isiyozidi. Na kuna namba nyingine kwenye kazi hiyo ambayo haiandikwi kwenye maboksi: ngozi ikishajaa, askobiki iliyomo huchukua siku 4 hivi kupungua nusu. Kwa ngozi nyeti hiyo ni neema. Huna sababu ya kupaka asubuhi na jioni. Kupaka siku moja na kuruka moja hakukupotezei kitu kikubwa, na ngozi inapata siku ya kupumzika.

Kama ngozi yako ni nyeti, sianzi kukupa askobiki tupu. Naanza na ndugu zake waliobadilishwa, ambao hukaa kwenye pH iliyo karibu na ya ngozi au juu yake: sodiamu askobili fosfeti, magnesiamu askobili fosfeti, askobili glukosaidi. Yupo pia wa mafuta, tetraheksildesili askobeti, ambaye huwafaa wenye ngozi kavu. Mwenye chunusi nampa wa sodiamu, asilimia 5, kwa kuwa kuna majaribio kwa watu yaliyoonyesha unasaidia chunusi. Asiye na chunusi namwachia achague anayempendeza kwa kugusa.

Lakini nitakuwa mkweli kuhusu hawa ndugu. Ili wafanye kazi, ngozi inapaswa kuwageuza kuwa askobiki, na ushahidi kwamba inawageuza vya kutosha ni mwembamba kuliko matangazo yanavyodai. Kwenye utafiti uleule ninaoutaja tangu mwanzo, yule wa magnesiamu hakuongeza askobiki ndani ya ngozi. Ninaujua utafiti huo na bado namwandikia mgonjwa. Sababu yangu ni hii: seramu dhaifu ambayo mtu anaweza kuipaka mwaka mzima ina nafasi ya kumsaidia. Seramu yenye nguvu inayomchubua kwa wiki tano haina.

Harufu sasa. Vitamini C haina harufu ya chungwa. Seramu ikinukia chungwa au limau, ni mafuta yenye manukato yaliyoongezwa, na limonini iliyomo ikikutana na hewa hubadilika kuwa vitu vinavyoleta mzio. Kwa ngozi nyeti, rudisha chupa hiyo. Maji ya limau yenyewe usipake usoni kabisa. Ni asidi kali kuliko seramu nyingi, na yana kemikali zinazounguza ngozi ikipigwa na jua. Nayasinamaidi, aina ya vitamini B3 inayowekwa kwenye seramu nyingine, haigombani na vitamini C, zipake zote kama ngozi inazipokea.

Rangi nayo iangalie. Yule binti aliponipa chupa yake niliikamua tone moja kwenye karatasi nyeupe. Lilikuwa la kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea. Askobiki safi ndani ya maji haina rangi au ina unjano mdogo sana. Ikifika kahawia imeshaungana na oksijeni. Kwa hiyo mashavu yake yalikuwa yanapokea asidi yote, na vitamini karibu hakuna. Alikuwa akivumilia bure. Nunua chupa ndogo, ya kioo cheusi au yenye pampu, ifunge vizuri, usiiache kwenye mwanga.

Jambo la mwisho kabla ya kupaka chochote: hakikisha ngozi yako kweli ni nyeti kwa asili. Wengi wanaojiita hivyo wana ngozi iliyochoshwa na sabuni kali, skrabu na retinoli (vitamini A ya kupaka), zote kwa pamoja. Wengine wana pumu ya ngozi au rosasia, ugonjwa wa wekundu na vijipele usoni, ambayo haijatambuliwa, na rosasia kwenye ngozi nyeusi hupita bila kuonekana kwa miaka. Kama hata losheni ya kawaida inakuchoma, usitafute seramu. Acha vyote kwa wiki nne, baki na sabuni laini, losheni isiyo na manukato, pamoja na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua. Ikiendelea kuchoma, nenda kwa daktari wa ngozi.

Ukiwa tayari, jaribu nyuma ya taya, mahali padogo, kwa siku saba. Wengi hufundishwa kujaribu kwenye mkono, nami nilifundisha hivyo zamani, ila nimeona mikono mingi ikinyamaza halafu uso ukapiga kelele. Paka ngozi ikiwa imekauka kabisa, maana ngozi yenye maji hupitisha zaidi na huchoma zaidi. Vitabu vinataka seramu itangulie losheni. Kwa ngozi nyeti mimi natanguliza losheni nyepesi, kisha seramu juu yake. Kiasi fulani kinapotea njiani, na kiwe kinapotea. Madoa yape angalau miezi mitatu.

Binti yule alikaa mwezi mzima bila seramu, kisha akaanza ile ya sodiamu, siku moja apake, moja aruke. Mara ya kwanza aliporudi alikuwa na wasiwasi. "Daktari, sisikii chochote. Una hakika ipo?" Tulitoa picha tulizompiga siku ya kwanza tukaziweka kando ya uso wake dirishani. Vijipele vimekwisha, na weusi wa pembeni mwa mdomo umepauka kiasi cha kuonekana. Akauliza kama ni seramu iliyofanya hivyo. Nikamwambia kwamba sanskrini alianza mwezi mmoja kabla, na kwamba nikilazimishwa kuchagua ningeipa sanskrini sehemu kubwa. Akacheka, akazipaka zote mbili palepale mbele yangu, losheni ikitangulia.